Wanaotuomba Kura Wawataje Waliotupigania

Hotuba kwa jumuiya ya Waswahili wa Ohio, siku ya Martin Luther King

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliowaachia wakubwa viti mkasimama ukutani, nawasalimu wote. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja mkaja hapa bila kulala. Asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie jambo lililotugawa katika mkutano uliopita. Mnakumbuka mgombea mmoja alikuja kutuomba kura, akafunga hotuba yake kwa maneno ya Martin Luther King bila kusema ni ya nani. Alipoondoka tukaanza kubishana. Mama mmoja akasema yule bwana ametukosea adabu. Kijana mmoja akamjibu kwamba mgombea atuambie kuhusu kodi ya nyumba na mabasi ya mjini, habari za mwaka 1963 zina vitabu vyake. Makofi mengi yalikwenda kwa kijana. Mimi niko upande wa mama, na leo nimepewa muda wa kueleza sababu.

Nasema mgombea anayetumia maneno ya watu wale, au anayesimama juu ya kazi yao, anapaswa kuwataja kwa majina. Awataje mbele ya kila hadhira, na pamoja na jina aseme walidai nini. Ni heshima kwa marehemu, ndiyo, lakini zaidi ni haki ya mpiga kura. Mtu akiambiwa kwamba haki fulani ilipatikana, asiambiwe ilipatikana kwa jasho la nani, ataamini ilishuka kutoka kwa wakubwa wa Washington. Na siku itakaponyang'anywa, atakaa akiwasubiri wakubwa wale wale wairudishe.

Nianze na Barack Obama, maana hapa ndani wapo wanaomhesabu kuwa ndugu, na ndugu ndiye wa kuambiwa ukweli kwanza.

Tarehe 28 Agosti 2008 alisimama kwenye uwanja wa mpira wa Denver, mbele ya watu zaidi ya 80,000, kupokea uteuzi wa chama cha Democratic kugombea urais. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 45 kamili tangu maandamano ya Washington ambako King alitoa hotuba ya ndoto yake. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kufika pale alipofika Obama usiku ule. Watu walisubiri jina litajwe. Karibu na mwisho wa hotuba akafika penyewe: akaeleza jinsi Wamarekani kutoka kila pembe walivyokusanyika mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln kumsikiliza mhubiri kijana kutoka Georgia. Akanukuu hata maneno yake, kwamba hatuwezi kutembea peke yetu. Jina hakulitaja. Alisema mhubiri, akaishia hapo.

Baadhi ya wasomi weusi walilalamika waziwazi, Cornel West akiwa mmoja wao. Waliomtetea Obama nao walikuwa na hoja. Walisema kila aliyekuwa uwanjani alijua mhubiri ni nani. Walikumbusha kwamba siku ile ile watoto wawili wa King, Martin wa Tatu na Bernice, walipewa nafasi ya kuzungumza jukwaani, na John Lewis pia, ambaye alikuwa wa mwisho aliye hai kati ya wasemaji wakuu wa mwaka 1963. Hayo ni kweli, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini hao walizungumza saa ambazo Marekani nyingi ilikuwa bado kazini au jikoni. Saa ya mgombea, saa ambayo televisheni zote zilikuwa zimewashwa, jina halikusikika.

Na haikuwa mara moja. Usiku wa ushindi, tarehe 4 Novemba, kwenye bustani ya Grant Park mjini Chicago, Obama alisimulia maisha ya bibi mmoja wa Atlanta aliyepiga kura akiwa na miaka 106, Ann Nixon Cooper. Bibi alitajwa kwa jina lake lote, na nilifurahi. Kisha akapitia yale bibi aliyoyaona: mabasi ya Montgomery, mipira ya maji ya Birmingham, daraja la Selma, na mhubiri kutoka Atlanta. Mhubiri tena.

Kwa nini? Ninavyoelewa mimi, ilikuwa hesabu ya kura. Watu weusi ni kama asilimia 13 ya Wamarekani, na kampeni ile ilihitaji kura za watu weupe wa majimbo kama hili letu na Indiana. Mgombea mweusi akilitamka jina la King usiku kama ule, wapo watakaosema ndiyo huyo, mgombea wa watu weusi. Ushahidi wa hesabu hiyo naupata katika hotuba zake nyingine. Machi 2007 alikwenda Selma, Alabama, akahutubia kanisani Brown Chapel, mbele ya waumini weusi. Pale aliwataja wapiganaji wa harakati, John Lewis, Joseph Lowery na C.T. Vivian, bila kusitasita, akasema wazi kwamba yeye yuko pale kwa sababu kuna watu waliandamana. Machi 2015 akarudi Selma akiwa rais ambaye hatagombea tena, akawataja Lewis, Sojourner Truth na Fannie Lou Hamer, dunia nzima ikisikiliza. Hotuba ile ya 2015 naihesabu kuwa miongoni mwa bora alizowahi kutoa. Kwa hiyo majina alikuwa nayo siku zote. Aliyatoa mbele ya wenyewe, na aliyatoa alipokuwa haombi tena kitu. Alipokuwa anaomba mbele ya taifa zima, aliyaweka pembeni.

Sisemi haya kwa kumchukia. Nilishangilia ushindi wake kama mlivyoshangilia. Ila hesabu ile ilikuwa na gharama, na gharama yake iliangukia kwa mtoto wa shule wa Iowa au wa Ohio aliyekuwa akitazama televisheni na wazazi wake usiku ule, ambaye hakuna aliyemwambia kwa sauti kwamba mtu huyu amefika hapa kwa sababu ya watu hawa.

Hebu mlinganishe na Jesse Jackson, mchungaji mweusi aliyegombea urais kabla yake. Julai 1988 chama hicho hicho kilikutana Atlanta. Jackson alikuwa ameshindwa uteuzi na Michael Dukakis, lakini alikuwa amekusanya mamilioni ya kura na akapewa usiku wake. Alipopanda jukwaani, kabla hajafika kwenye siasa, alimwita Rosa Parks asimame naye, akamtambulisha kuwa mama wa harakati za haki za kiraia. Kisha akasema haki yake ya kusimama pale imenunuliwa kwa damu na jasho la watu wasio na hatia, na akaanza kuwataja. Fannie Lou Hamer na Aaron Henry, waliofungiwa nje kule Atlantic City miaka 24 iliyotangulia. Jimmie Lee Jackson. Viola Liuzzo, mama wa Kizungu kutoka Detroit aliyepigwa risasi. Schwerner, Goodman na Chaney, waliokutwa kaburi moja Mississippi. Wasichana wanne wa kanisa la Birmingham. Alikuwa anazungumza kwenye televisheni ya taifa, si kanisani, na kila mmoja alipata haki yake ya kutajwa na jinsi alivyoteswa au kuuawa.

Niwaombe nikae kidogo na Fannie Lou Hamer, kwa sababu naona humu ndani nyuso za akina mama ambao maisha yao yangeelewana na yake.

Alikuwa mchuma pamba kwenye shamba la mtu, Ruleville, Mississippi. Mwaka 1962, akiwa na miaka 44, alipanda basi na wenzake kwenda mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura. Karani alimpa kifungu cha katiba ya Mississippi akimtaka akifafanue. Akashindwa, kama walivyokusudia ashindwe. Aliporudi jioni ile, mwenye shamba akamwambia aondoe jina lake au aondoke. Akaondoka mahali alipofanya kazi kwa miaka 18. Juni 1963, akirudi kutoka kwenye mafunzo ya kuandikisha wapiga kura, alikamatwa na polisi mji wa Winona. Humo jela alipigwa hadi figo na jicho vikaharibika kwa maisha yake yote. Na mwaka uliofuata, mwezi wa nane, yule yule mama alikwenda Atlantic City akiwa na ujumbe wa Mississippi Freedom Democratic Party, kudai viti kwenye mkutano mkuu wa Democratic, kwa kuwa ujumbe rasmi wa jimbo lake ulikuwa wa watu weupe watupu.

Alipoketi kutoa ushahidi mbele ya kamati, Rais Lyndon Johnson aliita waandishi wa habari ghafla ili kamera zimwache. Kamera zikamwacha kweli. Lakini vituo vya televisheni vilirusha ushahidi wake jioni, na nchi nzima ikamsikia mama wa shambani akieleza alivyopigwa kwa kutaka kupiga kura. Viongozi wa chama wakawapa viti viwili. Wakakataa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo ulipo msingi wa maneno yangu yote. Januari 2008, Hillary Clinton akishindana na Obama, alisema kwamba ndoto ya King ilianza kutimia pale Rais Johnson alipopitisha sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na kwamba ilihitajika rais ili kazi ikamilike. Watu wengi walikasirika. Alikuwa amemtaja King kwa jina, basi kosa liko wapi? Kosa liko kwenye mtiririko. Ukiisimulia hivyo, rais ndiye mtendaji na King ni mwotaji.

Johnson alitia saini, hakuna anayemnyima hilo. Alitumia ujuzi wake wote wa Bunge kupitisha sheria ile ya Julai 1964. Lakini tazameni sheria ya haki ya kupiga kura iliyofuata. Desemba 1964 King alimtembelea Johnson, akiwa ametoka kupokea tuzo ya Nobel, akamwomba sheria hiyo. Johnson akamwambia haitawezekana kwa mwaka unaokuja. King na wenzake wakaenda Selma, ambako vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi wa harakati, na wenyeji kama Amelia Boynton walikuwa wameshaanza kazi kabla yao. Tarehe 18 Februari 1965, katika mji jirani wa Marion, askari wa jimbo alimpiga risasi Jimmie Lee Jackson, shemasi wa kanisa, mwenye miaka 26, aliyekuwa amejaribu kujiandikisha mara kadhaa bila kufanikiwa. Akafariki siku nane baadaye. Tarehe 7 Machi waandamanaji wakavuka daraja la Edmund Pettus, wakapigwa marungu na mabomu ya machozi. John Lewis alipasuliwa kichwa. Amelia Boynton alilala barabarani amezimia. Tarehe 15 Machi, siku nane tu baadaye, Johnson yule yule aliyesema haiwezekani alisimama mbele ya Bunge kuidai sheria hiyo, akatamka maneno ya wimbo wa waandamanaji, kwamba tutashinda. Tarehe 6 Agosti akatia saini.

Kwa hiyo mgombea akisema tu kwamba mwaka 1965 Marekani ilipata sheria ya kupiga kura, amemficha shemasi wa miaka 26. Amemficha mama aliyelala barabarani. Na amekuficha wewe, kwa sababu wewe unafanana na hao kuliko unavyofanana na Johnson.

Mtaniuliza, sisi tunahusikaje? Wengi wetu tulikuja juzi, kutoka Uvira, kutoka Bujumbura, kutoka kambi ya Nyarugusu, kutoka Mombasa na Mwanza. Wazee wetu hawakuwa Alabama.

Nitajibu kwa mambo mawili. La kwanza ni mlango tuliopitia. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliweka mgao wa nafasi kwa kila nchi. Ujerumani ilipewa zaidi ya nafasi 51,000 kwa mwaka. Tanganyika ilipewa 100. Ruanda-Urundi, nchi mbili pamoja, 100. Mgao huo uliondolewa na sheria iliyotiwa saini Oktoba 1965, miezi miwili baada ya sheria ya kupiga kura, na Bunge lile lile lililokuwa limelazimishwa na waandamanaji kuona kwamba huwezi kukataa ubaguzi ndani ya nyumba ukauacha mlangoni. Waliokuja kama wakimbizi walipita kwa sheria ya 1980, ambayo ina historia yake. Lakini ndugu aliyekuja kusoma akabaki, au aliyeitwa na mkewe, mlango wake ulifunguliwa mwaka ule.

La pili ni chumba cha kupigia kura. Tunao hapa mama zetu waliokula kiapo cha uraia, ambao Kiingereza cha karatasi ya kura kinawashinda. Sheria ya 1965 ilianza kufuta mitihani ya kusoma kama ule aliopewa Fannie Lou Hamer. Na kifungu cha 208, kilichoongezwa mwaka 1982, kinasema mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, asiyeona au mwenye ulemavu anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, ilimradi si mwajiri wake wala wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Mama, binti yako akiingia nawe kwenye kibanda cha kura akakusomea majina, hiyo ni haki yako kisheria, na mtumishi wa kituo hakufanyii hisani. Mgombea anayekuomba kura kisha akaona aibu kuwataja watu waliokupatia haki hiyo, anakuomba kitu ambacho asili yake hataki kuikiri.

Na kuna uhusiano mwingine ambao ndugu zangu wa Kenya wanaujua. Mei 1959, Tom Mboya alifika Atlanta na King na wenzake wakamwandalia chakula cha heshima. Mboya alikuwa akizunguka Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, na Septemba ile ndege ya kwanza ikatua New York na wanafunzi 81. Watu weusi mashuhuri wa michezo na sanaa, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Fedha za familia ya Kennedy, dola 100,000, zilikuja mwaka 1960 kwa ndege za baadaye. Obama, katika ile hotuba ya Selma ya 2007, aliwapa akina Kennedy sifa ya kumleta baba yake. Baba yake alifika Hawaii mwaka 1959, na baadaye kampeni ilikiri kwamba maelezo yale yalikuwa na kosa. Alisema pia kwamba Selma ndiyo iliyowakutanisha wazazi wake, wakati yeye alizaliwa 1961 na Selma ni 1965. Nalitaja hili kwa sababu kutaja kunahitaji usahihi. Mboya alistahili jina lake mahali pale, na badala yake sifa ilikwenda kwa familia ya rais. Mnaona inavyojirudia? Sifa hupanda juu kwa wenye vyeo ikiachwa iende yenyewe.

Sasa nije kwa wanaonipinga kwa hoja nzito. Kuna ndugu mmoja aliniambia: mwalimu, majina ni rahisi, kila mwanasiasa analitaja jina la King mwezi wa Januari, na hatujapata nafuu yoyote. Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya hesabu ya kura.

Ronald Reagan alianza kampeni yake ya mwaka 1980, baada ya kuteuliwa, kwa kwenda kwenye maonyesho ya kaunti ya Neshoba, Mississippi. Neshoba ndiko walikouawa Schwerner, Goodman na Chaney mwaka 1964. Alizungumzia haki za majimbo, maneno ambayo watu wa Kusini walikuwa wameyatumia miaka mingi kutetea ubaguzi, na wale vijana watatu hakuwataja. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1983, alitia saini sheria ya sikukuu hii tunayoadhimisha leo. Na Juni 1985, kwenye hotuba ya redio, alimtaja King na kumnukuu, yale maneno ya watu kupimwa kwa tabia badala ya rangi ya ngozi, ili kupinga hatua za kuwapa weusi nafasi za kazi zilizokuwa zimefungwa kwao. King alikuwa ameunga mkono hatua za namna hiyo akiwa hai. Jina lilitajwa, na dai lake likageuzwa kichwa chini.

Vivyo hivyo John Lewis. Alipofariki Julai 2020, wanasiasa wa vyama vyote walimsifu. Miaka saba nyuma, Juni 2013, Mahakama ya Juu ilikuwa imeondoa meno ya sheria ya 1965 katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, na majimbo yenye historia ya ubaguzi hayakulazimika tena kuomba kibali kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Mswada wa kuirudisha nguvu hiyo ukapewa jina la Lewis. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Agosti 2021. Seneti ukakwama. Baadhi ya walioandika rambirambi za kugusa moyo ndio hao hao walioukataa.

Basi je, tuseme majina hayana maana? Hapana. Ninachokiona ni kwamba jina bila dai ndilo linaloibiwa kirahisi. Ndiyo maana nilisema mwanzoni, ataje na aseme walidai nini. Maandamano ya 1963 yaliitwa maandamano ya ajira na uhuru, na ajira ilitangulia. Moja ya madai yaliyosomwa siku ile lilikuwa kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa, wakati ambapo sheria ilitaja dola 1.15. Mgombea anayenukuu ndoto mbele ya watu wanaofanya kazi kwenye maghala na nyumba za kulelea wazee, awaambie pia kuhusu hizo dola 2, kisha aseme leo angesimamia kiasi gani. King alipouawa Memphis, tarehe 4 Aprili 1968, alikuwa amekwenda kuwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma.

Na wewe kijana uliyesema mgombea aongee kuhusu kodi ya nyumba, nakujibu kwa heshima. Januari 1966 King alihamia kwenye chumba cha kupanga katika mtaa wa maskini huko Chicago, kwa sababu watu weusi walikuwa wanatozwa kodi kubwa kwa nyumba mbovu na kukataliwa mitaa mingine. Agosti alipoandamana kwenda Marquette Park, jiwe lilimpata kichwani. Sheria inayomkataza mwenye nyumba kukunyima kwa rangi yako au nchi uliyotoka ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kifo chake. Wakikwambia nyumba imeshachukuliwa mara tu wakisikia lafudhi yako, sheria utakayoishika ni hiyo. Ukimwambia mgombea aache habari za King aongee kodi, umempunguzia mzigo bila kujua. Atazungumza kodi kama msaada atakaokuletea, na hutajua kwamba tayari una haki ya kudai.

Naongeza jambo moja kwa haraka. Nikisema wawataje, sina maana ya King peke yake. Maandamano ya Washington yalipangwa na Bayard Rustin kwa takriban miezi miwili, na kwa miaka mingi jina lake lilifichwa. Wanawake hawakupewa hotuba kuu siku ile. Daisy Bates alipata maneno machache tu. Agosti 2020, Kamala Harris alipokubali kugombea umakamu wa rais, alitaja wanawake sita: Mary Church Terrell, Mary McLeod Bethune, Fannie Lou Hamer, Diane Nash, Constance Baker Motley na Shirley Chisholm. Akasema hadithi zao hazifundishwi mara nyingi. Ilikuwa televisheni ya taifa, ilikuwa kampeni, na tiketi yao ilishinda. Sidai walishinda kwa sababu ya majina yale. Ila tusiambiwe tena kwamba mgombea mweusi akitaja majina mbele ya taifa lazima aanguke.

Kuhusu maneno ya kuazima, sina ugomvi. King mwenyewe aliazima: mwisho wa hotuba yake ya 1963 unafanana sana na hotuba ya Mchungaji Archibald Carey ya mwaka 1952, na ule usemi kuhusu njia ndefu inayopinda kuelekea haki ulianza kwa Theodore Parker, karne ya 19. Wahubiri huazimana. Lakini mgombea anaomba madaraka, na anayeomba madaraka tumpime kwa kipimo kikali zaidi. Obama alipompa Dolores Huerta nishani mwaka 2012 alikiri hadharani kwamba kaulimbiu yake ya 2008, "Yes we can", yaani ndiyo tunaweza, ilitoka kwa mama huyo na wafanyakazi wa mashambani. Alifanya vizuri. Ingekuwa vizuri zaidi wapiga kura wa 2008 wangelisikia hilo kila mahali kaulimbiu ilipoimbwa.

Wagombea watakuja tena hapa kabla ya uchaguzi, na wazee wameshakubali kwamba kila mmoja ataulizwa maswali baada ya hotuba. Naomba swali mojawapo liwe hili: aliyenukuu, atuambie ni maneno ya nani, mtu huyo alikuwa anadai nini siku alipoyasema, na yeye mgombea atafanya nini juu ya dai hilo akichaguliwa. Mwulizeni wa Democratic na wa Republican, mweusi na mweupe, na Mwafrika mwenzetu akigombea, naye pia.

Pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kushoto ni ya kujiandikisha kupiga kura; Ohio inafunga daftari siku 30 kabla ya uchaguzi, msingoje wiki ya mwisho. Ya kulia ni ya vijana watakaowasindikiza wazee kwenye vituo na kuwasomea karatasi ya kura kwa kifungu kile cha 208. Tunahitaji wanaozungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kibembe, na wenye magari. Nakala za kifungu hicho zipo mezani, mzibebe siku hiyo mkimsindikiza mzee, na mtumishi wa kituo akiwauliza, mpeni asome.